Kabla hujapitisha kibubu: tuliyoyaona tukichangisha kwa ajili ya saratani ya kongosho

Mchango wetu wa kwanza uliliwa na deni. Dada mmoja wa Kijitonyama alituma 50,000 kwenye namba ya mweka hazina wetu, na hatujamaliza kushangilia kwenye grupu, mweka hazina akaandika, "Jamani, imekatwa." Kumbe siku tatu nyuma alikuwa amekopa kwenye simu anunue umeme na chakula, na mkopo wa simu haubishi hodi: pesa ikiingia tu, unajilipa wenyewe. Zikabaki 11,000 na chenji. Hakuiba, na mwisho wa mwezi alizirudisha zote, lakini wiki tatu hizo kila yule dada alipopiga simu nilipokea nikiwa na matumbo joto.

Nimeanza na hilo kwa sababu wadogo zangu wanaonifuata siku hizi wakitaka kufanya kama tulivyofanya huniuliza habari za fulana, mabango na msanii gani wamwalike. Namba ya kupokelea pesa hawaiulizi. Ndiyo ya kwanza. Iwe laini mpya ambayo hakuna mtu atakayeikopea hata siku moja, au bora zaidi akaunti ya kikundi benki yenye watia saini watatu. Kila Jumapili jioni bandikeni salio na orodha ya waliochanga kwenye grupu, hata kama wiki nzima imeingia buku mbili. Hasa wiki hiyo ya buku mbili.

Mimi niliingizwa humu na mjomba wangu, fundi viatu wa Tandika. Mwaka 2022 alianza kulalamika tumbo, hapa juu chini ya mbavu, maumivu yanazunguka mpaka mgongoni na akilala chali yanazidi. Duka la dawa wakampa dawa za vidonda vya tumbo. Akanywa, akabadilishiwa, akanywa tena. Sisi tulichokuwa tunakiona ni mkanda. Alikuwa anautoboa mwenyewe kwa shazia yake pale kibandani, tundu baada ya tundu, huku anatutania kwamba anarudi ujanani. Anatoboa la tano, macho yameshakuwa ya manjano, mkojo kama chai ya rangi, na mwili mzima anajikuna. Majirani wakasema nyongo, wengine wakasema ini. Kipimo cha CT kilipofanyika, uvimbe wa kongosho ulikuwa umeshafika kwenye ini. Tulikaa naye wiki tisa.

Tulipoanza kuzunguka, mimi na vijana wenzangu saba, nikagundua neno lenyewe mtaani halipo. Buchani watu wanaomba ini, figo, moyo, bandama, utumbo. Kongosho hakuna anayeiomba. Mzee mmoja kijiweni aliniuliza kama ni kabila la wapi. Tulichora mchoro, haukueleweka (mchoraji nilikuwa mimi, nakubali). Kilichotuokoa ni kisukari. Muulize mtu yeyote Temeke kama anamjua anayejichoma insulini, atakutajia shangazi yake. Basi mwambie: kongosho ndiko insulini inakotengenezwa, na imejificha nyuma ya tumbo la chakula, ndani kabisa, ndiyo maana uvimbe unaweza kukua pale bila mkono wala jicho kuufikia. Hapo macho yanafunguka, na maswali yanaanza kuja ya maana.

Yakija, jueni mipaka yenu. Macho ya manjano yana sababu nyingi, homa ya ini ikiwemo, na matumbo mengi yanayouma si saratani. Sisi tulikuwa tunasema hivi: ukiona macho manjano, au unakonda bila sababu na tumbo linauma hadi mgongoni, au sukari imekuibukia ghafla ukubwani huku unakonda, usiishie duka la dawa, nenda hospitali. Tulitaja na sigara kwamba inaongeza hatari. Kijiweni hilo halikupata makofi.

Bango letu la kwanza lilikuwa na picha ya Steve Jobs, yule mwanzilishi wa kampuni ya Apple, tukidhani jina kubwa litavuta watu. Bahati nzuri kabla halijachapwa tukalipeleka kwa daktari mmoja kijana. Akalisoma, akatabasamu, akatukalisha chini. Jobs, aliyefariki Oktoba 2011, alikuwa na uvimbe wa aina nyingine, adimu, unaoanzia kwenye seli za kongosho zinazotengeneza homoni, na kwa kawaida hukua taratibu. Aligundulika 2003, akaishi miaka minane. Wagonjwa walio wengi wana ile aina inayoanzia kwenye mirija ya kongosho, na miaka minane kwao ni ndoto. "Mkimweka huyu," akasema, "ndugu wa mgonjwa ataanza kuhesabu miaka ambayo haipo."

Tukamtoa Jobs, tukaweka namba mbili. Mwaka 2022 duniani waligundulika wagonjwa wapya zaidi ya 510,000, na mwaka huohuo walikufa zaidi ya 467,000. Ziweke karibu karibu, usiongeze maneno. Watu walizisoma, wakarudi nyuma, wakazisoma tena.

Fulana sasa. Siku ya saratani ya kongosho duniani ni Alhamisi ya tatu ya Novemba, na rangi yake ni zambarau. Mwaka 2024 Alhamisi hiyo iliangukia tarehe 21. Aliyekuwa Tanzania wiki ile ameshaanza kucheka: zilikuwa kampeni za uchaguzi wa serikali za mitaa, kura tarehe 27, na zambarau kwetu ina chama chake. Fulana arobaini, tumezilipia 480,000 kutoka mifukoni mwetu, na kila kona tunaulizwa mgombea wetu nani. Mtendaji wa mtaa mmoja alituambia kwa upole kabisa, "Vijana, mnasema kweli, naona kwenye barua. Lakini nikiwaruhusu mpite na rangi hiyo wiki hii, kesho nitaitwa nijieleze." Tukageuza fulana ndani nje, tukaonekana kama watoto waliovaa gizani. Barua ya kuomba kibali ipelekeni mapema, wiki tatu au nne kabla, na angalieni kalenda ya nchi kabla ya kalenda ya dunia. Fulana zenyewe achaneni nazo. Utepe mdogo wa Kariakoo unatosha.

Swali lililotutesa kuliko yote lilitoka kwa mama anayeuza vitumbua karibu na stendi. Nikamwamkia, nikamweleza, akanisikiliza vizuri huku anageuza vitumbua vyake.

"Mgonjwa yuko wapi, mwanangu?"

"Mama, hatuchangii mgonjwa mmoja. Tunachangia utafiti."

"Haya. Na huyo Utafiti kalazwa wodi gani?"

Wateja walicheka, nami nikacheka, lakini usiku sikulala vizuri. Mama yule alikuwa ameuona udhaifu wetu wote. Sisi watu wa Dar hatuna ubahili wa kuchanga. Tunachangia harusi za watu tusiowajua, misiba, mtoto wa jirani mwenye tundu kwenye moyo. Tunachangia mtu. Ukileta neno kama utafiti bila sura wala kazi, mkono unarudi mfukoni, na una haki ya kurudi.

Ikabidi tusimamishe kuchangisha, tutafute jibu. Tulizunguka wiki mbili mpaka tukapata watafiti wawili waliokuwa wanapitia mafaili ya zamani ya wagonjwa wa kongosho, wajue kila mmoja alipita wapi tangu dalili ya kwanza mpaka siku ya kuambiwa ni saratani: duka la dawa miezi mingapi, zahanati mara ngapi, mganga, hospitali ya rufaa. Nikawaza mkanda wa mjomba. Hakuna kipimo cha kuwachunguza watu wote wasio na dalili kama kilivyopo kwa saratani ya mlango wa kizazi, na upasuaji unawezekana kwa wachache wanaogundulika mapema, kwa hiyo kujua muda unapotelea wapi si jambo dogo.

Kabla ya kutoa hata shilingi tuliomba vitu vitatu. Kibali cha maadili, ambacho kwa hapa kwetu hutolewa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu au na kamati za vyuo kama MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili. Bajeti iliyoandikwa. Na akaunti ya taasisi, si namba ya simu ya mtafiti, hata awe mcha Mungu kiasi gani. Mmoja wa watafiti alionekana kuudhika kidogo. Niliona afadhali audhike.

Nikarudi kwa mama. "Mama, shikamoo. Nimekuja na jibu. Pesa yako inamlipa kijana anayekaa anafungua mafaili, aone wagonjwa walichelewa wapi, ili wanaokuja wasichelewe palepale."

Akafikiri. "Kwa hiyo huyu wa leo haponi."

"Haponi, mama."

"Umesema kweli," akatoa elfu moja, na vitumbua viwili juu. Tangu siku ile nikawakataza wenzangu kusema neno "kuponya" wakiwa na kibubu mkononi. Tulipata pungufu kwa watu wa haraka haraka, ila waliotoa walirudi kutoa.

Kama una vijana na huna pesa ya kuandaa tukio, nenda kwenye vikundi vya joging. Wikiendi alfajiri barabara za Temeke na Mbagala zinajaa watu wanaokimbia wakiimba, na vikundi hivyo tayari vina uongozi, daftari na mfuko wa kuzikana. Usiandae mbio zako, omba dakika kumi zao baada ya mazoezi ya viungo. Ukiahidiwa, andika ahadi na jina palepale, kisha kumbusha mara mbili, basi. Ya tatu ni usumbufu. Na wodini msiingie na kamera.

Mwisho wa yote tulikabidhi 1,870,000, tukapewa stakabadhi, na nakala yake tuliibandika kila tulipokuwa tumeweka kibubu. Kimoja bado kipo Tandika, kwenye kibanda alichokirithi kijana aliyekuwa anafundishwa kazi na mjomba. Nilipita juzi kukichukua nikahesabu. Kijana akaniambia nisubiri kwanza, kuna mteja anamdai chenji ya jero, naye ameshaahidi kwamba hiyo jero inaingia humo.