Barua kwa mwanangu: Kitwe au Lubumbashi?

Mwanangu,

Jambo sana. Ujumbe wako nilimsomea mama yako, kisha nikakaa nao peke yangu huku nje. Unauliza kitu kimoja: kesi ya kuachana na mumeo uifungue Kitwe, huko Zambia unakoishi na watoto, au uje uifungue hapa Lubumbashi, kwetu Kongo, mlikofunga ndoa na ambako yeye sasa anafanya kazi. Unataka kujua ni wapi haraka, ni wapi makuta, yaani pesa, kidogo. Rafiki yako amekuambia kwamba Lubumbashi ni wiki chache tu, unatoka na karatasi yako mkononi. Huyo rafiki aliachana na nani, na karatasi yake ameionyesha kwa nani? Muulize kwanza hilo.

Nimefanya kazi ya deklaran, ya kupitisha mizigo forodhani, pale mpakani Kasumbalesa mpaka macho yakachoka, na wimbo wangu unaujua kabla sijafungua kinywa: karatasi haipimwi pale inapotolewa, inapimwa pale inapoonyeshwa. Lori linatoka Ndola na kashe zote, mihuri yote, ya Wazambia, likifika upande wetu afisa wa kwetu anaiangalia ile karatasi kama jani la muhogo. Talaka ni vilevile. Unaniuliza ni nani atakupa hukumu upesi. Mimi ningetaka kujua hukumu hiyo utaipeleka mbele ya meza ya nani.

Habari ya shangazi yako unaijua, lakini unaijua ile ya kuchekesha, ile ya koti. Wakwe walikuja kudai mali ya mahari irudi, na daftari lake, wakasoma mstari kwa mstari: blanketi, mbuzi, beseni, vitenge, mpaka wakafika kwenye koti walilomvisha babu yako siku ya mahari. Koti lirudi, wakasema. Na babu alikuwa amezikwa nalo. Shangazi yako akainuka, akawaonyesha mlango wa nyuma: "Majembe yako pale, nendeni mkalichukue." Hata mzee wao alishindwa kujizuia, akacheka mpaka akakohoa. Nacheka na mimi hapa nikiandika.

Ile nyingine hatukuisema mbele yenu.

Ilikuwa 2015, mwaka Katanga ilipokatwa kuwa majimbo manne. Shangazi yako alikuwa amepata hukumu yake Zambia, amekuja nayo ndani ya bahasha ya nailoni, ameibana kwapani ndani ya basi njia nzima. Alikuwa na haraka kwa sababu ya lupango, kiwanja, wa Katuba hapa Lubumbashi, ule walionunua wakiwa bado mke na mume. Bwana alikuwa ameanza kuuonyesha kwa wanunuzi. Tukaenda wawili kwenye ofisi moja, siitaji. Karani akasoma mistari miwili ya Kiingereza, akageuza karatasi, akaangalia mgongo wake uliokuwa mweupe, akairudisha mezani kwa kidole kimoja. Akauliza: "Bwana yako iko wapi?" Shangazi akamjibu kwamba ndiye huyo aliyeachana naye, imeandikwa hapo. "Basi lete ruhusa yake."

Usishangae. Sheria yetu ya familia ya 1987 ilikuwa bado inamtaka mke apate ruhusa ya mumewe kwa shughuli za kisheria zinazomfunga. Jambo hilo lilikuja kuondolewa na sheria ya Julai 2016. Na kwa yule karani, hukumu ya Zambia haikuwa kitu, kwa hiyo mbele yake alisimama mke wa mtu. Lakini hata ruhusa siyo iliyoniuma. Kilichoniuma ni kwamba baada ya pale hakumtazama tena. Alinigeukia mimi: "Wewe kaka, mweleze dada yako." Mwanamke aliyesomesha watoto kwa duka lake mwenyewe, aliyenifundisha mimi kuhesabu! Alikuwa amesimama karibu nami, anaikunja ile bahasha mara mbili, mara nne, mpaka ikawa ndogo kama kiberiti. Mpaka leo nikipita mtaa ule navuka upande wa pili.

Avoka, wakili, ndiye aliyetufumbua macho. Hukumu ya ng'ambo haitumiki kwetu mpaka Tribunal de Grande Instance itoe eksekwaturi, yaani hakimu wa kwetu aseme kwamba ile ya kule sasa ina nguvu na hapa. Sheria ya Aprili 2013 inapanga masharti: isipingane na utaratibu wa nchi yetu, iwe ya mwisho kabisa kule ilikotoka, nakala iwe halisi, upande wa pili uwe ulipewa nafasi ya kujitetea, na hakimu wa kule asiwe ameshika kesi kwa sababu tu mlalamikaji ni raia wa kwao. Tukamwonyesha karatasi. Akaitazama, akatikisa kichwa. Kule Zambia hakimu hutoa kwanza hukumu ya muda, halafu baadaye ndipo inakuja ile inayokata kabisa. Shangazi yako alikuwa amebeba ya muda. Akarudi Zambia kuifuata ya pili, ikatafutwa, ikatafsiriwa na mtu aliyekula kiapo, na siku tulipopata kila kitu, ndani ya lupango wa Katuba kulikuwa na matofali ya mtu mwingine.

Sasa wewe. Kuna mambo yanayokusaidia, lazima niyaseme. Shangazi yako hakuwa na chaguo, wewe unalo. Sheria ya Zambia ya 2007 inakubali kesi kama mmoja wenu ana makazi yake ya kudumu kule, au amekaa kule miezi kumi na miwili mfululizo kabla ya kufungua. Wewe umeipita zamani. Na sheria yetu inakutuma kwenye tribunali ya amani, mahakama ya chini, ya mahali anapoishi unayemshtaki, au mahali mlipoishi pamoja mara ya mwisho. Mlipoishi mwisho ni Kitwe, lakini yeye amepanga nyumba Bel-Air hapa mjini, kwa hiyo mlango wa huku nao uko wazi. Akihama kesho, sijui utabaki wazi namna gani.

Lile wazo la baba mdogo wa mumeo, kwamba mpeleke jambo kwenye Local Court kwa sababu mali ya mahari ililipwa na wazee walikaa, usilifuate. Mahakama zile ni za ndoa za kimila. Yenu iliandikwa komine, ni ndoa ya leta, ya serikali, kule inaenda High Court. Kitwe wanayo, huna haja ya kupanda basi mpaka Lusaka.

Haraka unayoitafuta siioni popote. Kule unatakiwa kuonyesha kwamba ndoa imevunjika kabisa, na njia za kuonyesha zimehesabiwa: uzinzi, mwenendo usiovumilika, kutelekezwa miaka miwili, kuishi mbali miaka miwili mkikubaliana, au mitano mmoja akikataa. Kwetu hakimu anataka aone mwenyewe kwamba nyumba haiokoleki, na kutengana miaka mitatu kunamfanya aamini hivyo mpaka mtu amwonyeshe kinyume. Ninyi hata miwili hamjafika. Halafu mtu aliyehamia Bel-Air kwa sababu ya kazi, anayetuma pesa ya shule kila mwezi, ametengana na mkewe tangu lini? Avoka wake atauliza hilo dakika ya kwanza.

Na hapa, kabla ya chochote, rais wa tribunali atawaita mfike wenyewe, ajaribu kuwapatanisha. Utakaa kiti kimoja na yeye kingine. Nimeona watu wakitoka pale wamepatana, nimeona wengine wakitoka wamechukiana kuliko walivyoingia.

Kuhusu mali. Siku ile komine, afisa aliuliza mmechagua mpango gani wa mali, mumeo akatabasamu kwa sababu hakusikia Kifaransa, na wewe ulikuwa unatengeneza shela. Usipochagua, sheria yetu inakuchagulia: kila mmoja anabaki na alichokuja nacho, mlichochuma ndani ya ndoa ni cha wote wawili. Kwa lupango wenu wa Kampemba, hapa mjini, hilo ni zuri kwako, hata kama cheti kina jina lake peke yake. Zambia hakimu hagawi kwa kisu kimoja hivyo. Anapima uwezo wa kila mmoja na mchango wake, na kulea watoto kunahesabiwa kuwa mchango.

Kwa hiyo nikasema moyoni: Lubumbashi. Lupango uko hapa, bwana yuko hapa, mshahara wake unalipwa hapa, hukumu ya hapa haihitaji eksekwaturi kwa meza za hapa. Nikalala nalo. Asubuhi nikajiuliza, na nyumba yenu ya Chimwemwe, huko Kitwe? Na mkuu wa shule ya watoto akidai karatasi inayosema watoto wanakaa na nani, utamtolea ya Kifaransa yenye kashe ya Lubumbashi? Yule naye atageuza aangalie mgongo wake. Mna mali kila upande wa mpaka, hukumu yoyote itabidi ivuke. Basi swali ni meza ipi utaifikia kwanza na mara nyingi zaidi. Lupango utauhitaji siku moja. Shule, hospitali, pasi ya kusafiria ya watoto, hizo ni kila mwaka.

Unaona ninakoelekea. Mama yako amenikataza kuandika jina la mji, anasema nikikuambia fungua pale na mambo yakiharibika, utakuwa umefungua kesi ya baba. Ana haki. Lakini kama ningekuwa deklaran wa kesi hii, ningejua lori naliingizia wapi, nami ningehakikisha kuanzia siku ya kwanza kwamba yeye anapokea mwito wake hapa Bel-Air kwa mkono wake, anasaini, ili baadaye asiseme kwa hakimu wa kwetu kwamba hakuitwa. Na nisingeondoka kule bila hukumu ya pili.

Jambo moja bado linanisumbua. Jumapili mumeo alikuja hapa baada ya misa, amebeba gunia la unga begani mwenyewe, bado ananiita tate, baba. Hakusema kitu, mimi nami sikusema. Tulizungumza habari za umeme. Natafuta sababu ya kumchukia ninakosa, kisha nakumbuka sauti yako ya mwezi wa pili kwenye simu, naipata. Jioni naikosa tena. Labda ningemwambia akubali, muandike pamoja nani anachukua nini kabla avoka hawajaanza kula. Labda si kazi yangu. Ukitaka niseme naye, niandikie neno moja, nitakwenda. Usipotaka, nitaendelea kula unga wake na kunyamaza.

Nakala ya cheti chenu cha ndoa nimeiomba komine, wamesema Alhamisi. Naomba mbili, zote na kashe ya mbichi, siyo fotokopi. Moja nitampa dereva wa basi yule wa Chililabombwe unayemfahamu, nyingine inabaki kwangu. Wewe tafuta kule karatasi za nyumba ya Chimwemwe na risiti za shule, uziweke mahali ambapo si nyumbani. Na mama yako anauliza kama watoto watakuja Pasaka. Mjibu yeye mwenyewe, mimi hanisadiki.

Baba yako