Nguo za kukimbilia Lamu hadi Shela

Dada, umeuliza uvae nini kukimbia asubuhi kutoka mjini Lamu hadi Shela, maana fulana ya pamba inalowa jasho. Iache hiyo. Pamba hunywa jasho ikakaa nalo, na kwa unyevu wetu wa pwani haikauki. Chukua poliesta nyepesi ya mikono mirefu, isiyobana. Dukani igeuze, pitisha kidole kwenye mishono ya kwapani. Ikiwa migumu, itakuchubua. Mtandio uchomeke ndani ya kola, upepo wa kusi hauna adabu. Mitumba ya michezo haina neno, mingine inashinda mipya ya bei rahisi, ila sidiria ya michezo nunua mpya: mpira wake huchoka. Ijaribu kwa kurukaruka, hata muuzaji akicheka.