Maswali Yenu: Tutapataje pesa za kaunti za kuwakumbuka wapagazi wa vita?

Mshauri, salamu kutoka Kariokor. Sisi ni kikundi cha vijana na wazee hapa mtaani na kila mwaka tunasema tutafanya kumbukumbu ya wapagazi wa Vita ya Kwanza ya Dunia, wale waliopitia hapa Nairobi wakipelekwa Taveta na Tanganyika. Mimi mwenyewe babu ya mamangu alichukuliwa akaenda na hakurudi. Tulichagua tarehe 25 Novemba. Mwezi wa tisa tukapelekea kiongozi mmoja barua na bajeti ya 640,000, akasema iko sawa, ngojeni tu. Tumengoja Novemba ikapita, na sasa hata simu hashiki. Kwani kaunti si iko na pesa za utamaduni? Ama hizo ziko na wenyewe? Nimekuwekea bajeti yetu uiangalie. — Mjukuu, Kariokor

Mjukuu, pole, lakini kabla tumlaume huyo mheshimiwa (lawama zake atapata, usijali) wacha nikwambie kitu ambacho hakuna mtu amewaambia: barua yenu ya mwezi wa tisa ilikuwa imechelewa karibu mwaka mzima. Mwaka wa pesa za serikali, iwe ya kaunti ama ile kubwa, unaanza tarehe 1 Julai unaisha 30 Juni, na kitu kisichokuwa kwa bajeti iliyopitishwa mwezi wa sita hakina pesa mwezi wa tisa hata kama ofisi nzima inawapenda. Ndiyo, kuna bajeti ya nyongeza, lakini hiyo ni mieleka ya wakubwa, kikundi cha mtaa kikiingia huko kinakanyagwa tu.

Sasa shika hizi tarehe. Kufikia 1 Septemba kaunti inatakiwa iwe imepeleka bungeni kwake mpango wa maendeleo wa mwaka utakaofuata, si wa mwaka huu, UNAOFUATA. Kufikia 28 Februari inapeleka ile karatasi ya mikakati ya fedha ambayo inasema kila idara itapata kiasi gani. Kufikia 30 Aprili makadirio yenyewe yanaingia, halafu Juni yanapitishwa. Kwa hivyo mkitaka sherehe ya Novemba fulani, neno "kumbukumbu ya wapagazi" linafaa liwe limeingia kwa mpango mwaka mmoja na zaidi kabla, na mkikosa hapo basi mjitokeze kwa vikao vya maoni ya umma mwanzoni mwa mwaka, na mkikosa hapo pia, kusema ukweli mfanye harambee.

Na hivyo vikao vya maoni si vya kwenda kupiga makofi na kunywa soda. Nendeni na ukurasa mmoja uliochapwa, mmoja tu, useme ni nini, wapi, lini, ni pesa ngapi na ni idara gani, halafu mchukue nakala mbili na muombe karani agonge muhuri na tarehe kwa ile mnayobaki nayo. Mtu akisema maneno matamu kwa mike hayo maneno yanapotea na upepo, lakini karatasi yenye muhuri mtarudi nayo mwezi wa nne muulize ilienda wapi. Mkinyamaziwa, kuna Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, mnaandika kuomba majibu na ofisi iko na siku 21 za kujibu. Sijasema watajibu vizuri, ila kimya chao kitakuwa kimevunja sheria, na mnaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Swali lako la pesa za utamaduni: ndiyo, ni kazi ya kaunti. Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti shughuli za kitamaduni, na linaiachia serikali ya taifa minara ya kale na ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa. Maana yake kwenu ni hii: siku ya kumbukumbu na nyimbo na maonyesho pale Kariokor, mlango ni wa kaunti. Lakini mkitaka kugusa ule mnara wa askari pale Kenyatta Avenue, hata kama ni kuongeza kibao tu, hapo muanze na Makumbusho ya Taifa, msibebe simenti mkaenda. NG-CDF nayo, ule mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, naona mmeiweka kwa barua kama njia ya pili, iondoeni. Ile ni ya kazi za serikali ya taifa, na kwanza Mahakama Kuu ilisema mwaka 2024 kwamba iko kinyume cha Katiba na mwisho wake uwe 30 Juni 2026, kwa hivyo si mahali pa kutundika matumaini.

Haya, bajeti. Nimeisoma mara mbili na nimekasirika kidogo. Tisheti na kofia 210,000. Chakula 150,000. Tenti, viti na spika 90,000, hiyo sina neno. "Uwezeshaji wa wageni waheshimiwa" 60,000, yaani mnataka kumlipa mtu ambaye hashiki simu zenu aje akae mbele. Halafu chini kabisa, "utafiti wa historia" 8,000. Mjukuu! Hizo tisheti zitakuwa na picha ya nani? Jina la nani mgongoni? Umeandika kwamba babu ya mamako hakurudi na barua nzima hujamtaja jina, na sidhani umesahau, nadhani hamlijui.

Na hapo ndipo shida ya hii historia yote iko. Mnara wa Kenyatta Avenue uko na sanamu tatu na maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, lakini jina la mtu hata mmoja hakuna. Wapagazi waliokufa kwa upande wa Waingereza hapa Afrika Mashariki hesabu inayotajwa sana ni zaidi ya 95,000, wengi si kwa risasi, ni kuhara, malaria, baridi ya mapafu na njaa njiani. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ikatoa ripoti yake yenyewe ikikubali kwamba watu si chini ya 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina ama hawakukumbukwa kabisa, na waziri wa ulinzi wa Uingereza akasimama bungeni kwao akaomba msamaha. Na kuna ile ya mishahara, hii huwa inanichoma: wapagazi wengi walikufa wakiwa wanadai, pesa zao zikakosa wa kuzichukua, serikali ya koloni hapa ikaomba zitumike kwa faida ya Waafrika na London ikakataa. Kwa hivyo mkienda kuomba pesa za umma kwa jina la hawa watu halafu karibu thuluthi mbili iende kwa tisheti, wali na waheshimiwa, hao wapagazi watakuwa wameliwa mara ya pili.

Mimi ningepindua hiyo bajeti. Pesa kubwa iende kwa majina. Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue wako na faili za wilaya za enzi ya ukoloni, unajiandikisha kwa ada ndogo unaletewa faili mezani, na vijana wenu wawili wenye subira wakikaa huko miezi michache watatoka na kitu. Wengine wazunguke kwa wazee na simu ya kurekodi, na wasiishie Kariokor, familia nyingi zilirudi mashambani, kwa hivyo nauli ya kwenda Ukambani, Nyanza na Murang'a iwe ndani ya bajeti, hiyo hakuna mkaguzi atakataa. Jina likipatikana na ushahidi wa karatasi kwamba huyo mtu alikufa akiwa kazini, ile Tume ya Makaburi inapokea, mnawaandikia. Halafu siku ya 25 Novemba, siku ambayo Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alisalimisha silaha Abercorn (Zambia ya leo) mwaka 1918, majina yasomwe. Kama ni kumi yasomwe kumi. Tenti mbili na chai na mandazi zinatosha kabisa.

Mambo madogo nimalizie. Kikundi kisajiliwe chini ya sheria ya vikundi vya jamii ya 2022, mnahitaji watu wasiopungua kumi, na mfungue akaunti ya benki, si M-Pesa ya katibu. Msishangae kaunti ikisema haiwapi pesa mkononi bali italipia tenti na spika yenyewe, hiyo hata ni afadhali, vita vya risiti vimevunja vikundi vingi kuliko njaa. Na kabla ya siku yenyewe mpeleke notisi kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi, isiwe chini ya siku 3 na isizidi siku 14.

Mshauri, hapa kwetu maji yanakuja mara moja kwa wiki na barabara ni mashimo tupu, halafu nasikia vikundi vinataka kodi yetu ilipie sherehe ya vita ya Wazungu iliyoisha zaidi ya miaka mia iliyopita. Waingereza si walipie wenyewe? — Mlipa Kodi, Umoja

Mlipa Kodi, nusu nakubaliana na wewe na nusu siwezi.

Kulipa, Uingereza imelipa mara kadhaa. Makaburi ya vita pale Ngong Road, zile nyasi zilizokatwa vizuri hivi, si kodi yako, yanatunzwa na ile Tume ya Makaburi ya Vita ambayo inachangiwa na serikali sita, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, India na Afrika Kusini. Ya Mau Mau, mwaka 2013 walikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228 walioteswa kambini, na wakagharamia ule ukumbusho ulioko Freedom Corner, Uhuru Park, uliozinduliwa Septemba 2015. Hiyo ya Mau Mau haikuja kwa hisani, ni wazee wetu waliwapeleka kortini huko London.

Lakini mpagazi asiye na kaburi wala jina hana nyasi za kukatiwa, kwa hivyo mpango wa makaburi haumfikii. Na hiyo ya kusema ni vita ya Wazungu sikubali kabisa. Ilikuwa yao, sawa, ila mwaka 1917 watu walikusanywa kwa nguvu kijiji kwa kijiji, chifu akiambiwa alete idadi fulani na analeta, hakuna aliyeulizwa kama anajua Kaiser ni nani. Hao walikuwa ni wetu. Kama serikali yetu inaweza kulipia gwaride la kila 20 Oktoba na jukwaa na ndege za kupita juu, inaweza kulipia nauli ya vijana wawili kwenda kusoma faili.

Penye uko na haki ni kuuliza pesa zinafanya nini. Hayo maswali yako yapeleke palepale kwa kikao cha maoni ya umma, kaa kiti cha karibu na hao wa Kariokor, na useme kwa sauti kwamba tisheti hutaki kulipia. Ya maji pia useme, usiache.

Habari, sisi ni Wanubi wa Kibra, babu zetu walikuwa askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza. Tunataka kuweka kibao cha majina yao na kuna mwanasiasa amejitolea kulipa chote, shida anataka jina lake liwe juu na herufi kubwa. Wazee wamegawanyika. — Binti wa Kibra

Binti, waambie wazee wasigawanyike kwa sababu ya huyo. Ardhi ni ya jamii, mlipewa hati ya ekari 288 mwaka 2017, kwa hivyo kibao kinachosimama hapo kinapita kwanza kwa wadhamini wenu, na wao ndio wa kukubali maandishi, si mwenye pesa. Muulizeni swali moja tu: hizo pesa ni zake za mfukoni ama ni za ofisi? Kama ni za ofisi hata hajajitolea kitu, ni zenu tayari, na zinafaa zipite kwa bajeti na tenda kama nyingine. Kama ni za mfukoni mshukuruni, mumpe kiti cha mbele siku hiyo, jina lake hapana.

Orodha ya majina ibandikwe msikitini na kwa mlango wa mzee wa kijiji mwezi mzima kabla ya fundi kuchonga, kila familia isome irekebishe, maana jiwe likishachongwa vibaya kulirudia ni pesa tena na ugomvi juu. Herufi ziwe kubwa za kusomwa na mzee wa miaka themanini bila miwani. Jina la mheshimiwa mliandike kwa risiti.