Kabla hujawaambia watoto kwamba mmea una akili

Siku yangu ya kwanza ya kuwafundisha watoto kuhusu mimea nilikwenda na chungu kimoja tu cha kifauwongo, mmea unaofumba majani ukiguswa. Baada ya dakika moja majani yote yalikuwa yamefumba, nusu ya watoto bado wamepanga foleni, na mimi sina la kuwaonyesha. Jani likishafumba huweza kukaa dakika kumi au zaidi kabla ya kufunguka. Basi wewe unayeanza, chukua vyungu vitatu au vinne, gawa watoto makundi madogo, na kila mmoja aguse jani dogo moja kwa kidole kimoja.

Kisha swali litakuja: "Unaogopa?" Ukisema ndiyo umewatungia hadithi, ukisema hapana umewafungia mlango. Mimi huwarudishia: tutajuaje? Mwaka 2014 mwanasayansi Monica Gagliano na wenzake walichapisha jaribio ambalo watoto hulielewa upesi. Waliangusha vyungu vya kifauwongo mara 60 kutoka kimo kidogo, bila kuuumiza mmea. Mimea ikaacha kufumba. Je, ilichoka? Walipoitikisa kwa namna nyingine, ikafumba tena. Hata baada ya siku 28 bado haikujali kuangushwa. Wapo wanasayansi wasioridhika na maelezo kwamba mmea ulijifunza na kukumbuka, na ubishi huo usiufiche. Nimeona watoto wakishika somo kwa hamu zaidi wakijua kwamba wakubwa nao hawajaafikiana.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la zamani na halina gharama. Charles Darwin na mwanawe Francis, katika kitabu cha mwaka 1880, walieleza jinsi walivyofunika ncha za miche ya nyasi isipate mwanga. Miche hiyo haikuinama kuelekea mwanga, ingawa sehemu inayoinama iko chini ya ncha. Otesha mbegu za ngano, na miche ikiwa mifupi sana, nusu yake ivishe vikofia vya karatasi ya alumini. Iweke yote ndani ya boksi lenye tundu moja ubavuni. Kesho yake waulize watoto: ni nani aliyeona mwanga, na ni nani aliyeinama? Maelezo ya homoni ya auksini, inayorefusha upande wa kivuli, yaje baada ya wao kukisia. Angalizo: funga boksi kwa gundi. Langu lilichunguliwa kila baada ya robo saa, na miche ikasimama wima kama askari.

Mmea unaonasa nzi, Dionaea, utawavutia, lakini usiwaache wauchokoze. Mtego hufunga vinyweleo vikiguswa mara mbili ndani ya sekunde 20 hivi, na kila kufunga bure kunaumaliza nguvu.

Ukitaka kuwashangaza kabisa, tafuta Physarum polycephalum, ute wa manjano ambao si mmea, si mnyama wala si kuvu, na hauna ubongo. Mwaka 2010 watafiti walipanga chembe za oti kwa mfano wa miji inayoizunguka Tokyo, na ute huo ukaziunganisha kwa mtandao uliofanana na wa reli. Uweke gizani penye unyevu, watoto wachore mipaka yake kila asubuhi. Siku moja mtaukuta mkavu kama gamba, na mtoto mmoja atalia kwamba umekufa. Msiutupe. Nyunyizeni maji, halafu ngojeni hadi kesho.