Uliza Jukwaani: Nimefeli odisheni mara mbili, nirudi tena?

Habari zenu wapenzi wasomaji. Meseji za mwezi huu zimekuwa nyingi mno na karibu zote zinaulizia odisheni, maana watu wameona karatasi tulizobandika stendi na kule soko la samaki kwamba kikundi chetu cha maigizo hapa Bagamoyo kinatafuta watu wa michezo miwili. Wa kwanza ni wa watu wazima, tumeutunga wenyewe, unahusu mvuvi aliyeuza nyavu kwa siri ili alipe deni la kikoba, tutauchezea ufukweni mwezi wa tisa. Wa pili ni wa watoto, unatokana na ngano za kwetu, huo tunaupanga likizo ya Desemba. Meseji zingine nimezifupisha ila maneno ni ya kwenu.

Anti habari. Mi kijana wa miaka 22 nipo Nianjema naendesha boda. Nimeenda odisheni mara mbili. Ya kwanza nilisahau maneno yote nikabaki nimesimama, ya pili niliyakumbuka yote na sauti nikaitoa kweli, nikaambiwa asante tutakupigia, mpaka leo kimya. Washkaji wanasema sina kipaji niache. Nirudi au nikomae na boda tu?

Rudi mdogo wangu, na boda usiache pia, kwetu karibu wote wana shughuli zao mchana.

Kwanza hiyo ya kuambiwa tutakupigia halafu kimya imeniuma. Mtu kaacha abiria kaja kukusikilizisha kazi yake, basi hata meseji ya hapana inamtosha, na sisi tumekubaliana kila aliyekuja atajibiwa ndani ya wiki moja.

Sasa tuje kwako. Umesema mara ya pili uliyakumbuka yote na sauti uliitoa, na mi naamini ni kweli, ila nikuulize, yule uliyekuwa unaigiza naye alisema nini? Kama hukumbuki, basi hapo ndo tatizo lilipo. Watu wengi wanadhani odisheni ni kuonyesha, kumbe sisi tuliokaa pembeni na daftari tunatafuta mtu anayesikia. Ngoja nikuhadithie.

Mara ya mwisho tuliweka benchi moja tu katikati ya ukumbi. Wanakaa wawili wasiojuana, mmoja nampa maneno mawili tu aseme, "Nyavu nimeuza", mwenzake simpi neno hata moja, yeye kazi yake aipokee hiyo habari kama ndo anaisikia kwa mara ya kwanza maishani. Walikuja vijana wengi wazuri tu lakini wakiambiwa nyavu zimeuzwa wanashika kichwa, wanapiga paja, mwingine analala chini kabisa, na jicho linaniangalia mimi kama nimeona. Basi akapita dada mmoja anauza vitumbua, kilichomleta ni hela yake aliyokuwa anamdai mwenzetu mmoja, tukamwomba akae dakika moja tu. Akakaa, ndoo yake ya vitumbua mapajani. Yule kijana pembeni akasema, nyavu nimeuza. Dada hakugeuka. Kifuniko cha ndoo kilikuwa mkononi, akakirudisha juu ya ndoo taratibu, akakibonyeza upande huu, akakibonyeza upande ule mpaka kikaingia, halafu ndo akauliza kwa sauti ya chini, "Bei gani?" Hakuna aliyemwambia aseme hivyo. Watu wote mle ndani kimya, na mi nilikuwa nimesahau kuandika. Huyo dada leo ndo mke wa mvuvi kwenye mchezo wetu, na alikuwa hajawahi kupanda jukwaani tangu azaliwe.

Kwa hiyo ukirudi fanya hivi. Usikariri maneno yako peke yake kama unakariri namba ya simu, kariri na ya mwenzako, hasa lile neno lake la mwisho linalokupokeza wewe, maana ukisahau lako huwa linarudi ukimsikiliza yeye anasema nini. Kariri ukiwa unafanya kitu, unafuta pikipiki, unatembea ufukweni, mwili unashika maneno kuliko macho. Na ukisahau mbele ya watu usiombe samahani, kaa kimya mwangalie mwenzako, yeye ndo atakuokoa.

Halafu hiyo sauti kubwa. Ni nzuri ila haitoshi, kwasababu Kiswahili mkazo wake uko silabi ya pili kutoka mwisho, ya mwisho kabisa inabaki nyonge na waigizaji wageni wanaimeza. Ukumbini unaweza kupona, ufukweni mwezi wa tisa kusi bado inavuma huponi. Sema "amekufa" halafu sema "amekufaa". Aliyekaa nyuma kwenye mchanga akikosa ile a ya mwisho anamlilia mtu aliye hai na mchezo mzima umempotea. Jizoeze kumalizia neno, kupiga kelele hakukusaidii hapo.

Dada asalaam aleikum. Binti yangu yuko kidato cha tatu, tunakaa Magomeni hapahapa Bagamoyo, anataka sana kuja kwenye odisheni yenu. Baba yake hataki kabisa kusikia, anasema maigizo ni uhuni na kurudi usiku. Mimi mwenyewe nipo katikati, sijui nimsikilize nani.

Waaleikum salaam dada yangu. Mumeo nisikufiche, hofu yake ina sababu, yapo mambo yametokea kwenye vikundi huko nyuma, mabinti wameitwa mazoezi saa tatu usiku nyumbani kwa mtu, na mzazi anayeuliza maswali hapo anafanya kazi yake, sio mshamba. Kwa hiyo usibishane naye kwa maneno, mwambie aje aone.

Sisi mazoezi ni saa kumi jioni mpaka saa kumi na mbili kasoro, ili mtu awahi magharibi nyumbani, Ramadhani hatufanyi kabisa. Ni kwenye ukumbi wa shule, milango wazi, na mzazi yeyote anaingia muda wowote bila kupiga hodi kwa simu. Wakina mama wawili watu wazima wapo kila siku na wao ndo wanaowasindikiza mabinti mpaka barabarani. Hakuna mwongozaji anayekutana na mwanafunzi peke yake, hata kwa dakika tano za kuelekeza mistari, na akivunja hiyo anaondoka yeye, mtoto anabaki. Kikundi kingine chochote atakachoenda waulize hayohayo, wakianza kuzungukazunguka kwenye majibu mrudishe mtoto wako nyumbani.

Shule pia. Wa kidato cha nne hatuwachukui kwenye mchezo wa mwezi wa tisa, mtihani wao ni Novemba na mazoezi ni wiki nane, haviendi. Binti yako yuko cha tatu kwa hiyo anaweza, ila nataka saini yenu wote wawili, yako peke yako sitaipokea dada yangu, maana mtoto anayekuja mazoezi kwa kujificha hawezi kuigiza, akili yote iko mlangoni. Mlete na baba yake Jumamosi, akae hapo nyuma anywe chai yake aangalie.

Anti nimelia sana. Walikuja watu na kamera kubwa wakasema wanatafuta sura mpya za tamthilia, tukalipa elfu thelathini kila mtu ya fomu, tulikuwa wengi. Sasa hivi namba haipatikani. Nifanyeje, na nyie fomu yenu shilingi ngapi?

Pole sana mdogo wangu, na usijilaumu, waliokosea ni wao waliouza ndoto za watu. Nenda polisi na ile meseji ya muamala kwenye simu usiifute, nendeni wengi kwa pamoja, mmoja mmoja mtachoka mapema. Hata kama hela isiporudi, jina lililosajili ile namba linaweza kujulikana.

Fomu yetu ni bure. Odisheni hailipiwi, narudia, hailipiwi. Mwenye mchezo ndo mwenye shida, yeye ndo anakutafuta wewe, sasa vipi anayetafuta fundi amlipishe fundi? Kuna watu wanaofundisha kuigiza wanatoza ada, hayo ni masomo na ni halali kabisa, wanakwambia unasoma nini na kwa muda gani. Anayekwambia lipa ili uonwe, geuza baiskeli yako urudi. Na ukiambiwa odisheni iko chumba cha gesti hata usijibu hiyo meseji.

Lazima uwe umesoma TaSUBa, kile chuo cha sanaa hapa Bagamoyo, ndo mkuchukue?

Hapana. Dada wa vitumbua amesoma wapi? Ila kuishi Bagamoyo bila kwenda kuangalia kazi za pale ni kujinyima. Chuo kile kimeanza 1981, tamasha lao linafanyika tangu 1982, ukumbi wao uliungua 2002 na walijenga tena. Nenda kaangalie waigizaji wanavyosimama pale wasipokuwa na la kusema. Mi nimejifunza mengi nimekaa tu kwenye viti vya watazamaji.

Mimi ni Msukuma, nimehamia huku kikazi miaka miwili sasa. Nikiongea watu wanacheka lafudhi. Nikija mtanichukua kweli?

Njoo. Mji huu umejengwa na watu waliotembea kwa miguu kutoka Tabora na Ujiji na mizigo mabegani, wengine hawakurudi tena, leo ndo babu za watu hapa. Kwenye mchezo wa nyavu kuna dereva wa lori anayekuja kununua dagaa na samaki kupeleka bara, na kila Mswahili wa pwani aliyeisoma hiyo nafasi anaiigiza lafudhi ya bara kama kikatuni, nakosa raha kabisa. Nataka mtu anayeongea hivyo kwasababu ndivyo anavyoongea.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Tumeanzisha klabu ya maigizo na tunataka kucheza Juliasi Kaizari, ule mchezo wa Shakespeare wa mtawala wa Roma aliyesalitiwa na rafiki yake, mbele ya wazazi na kiingilio kidogo cha kununulia maiki. Mwenzangu anasema Shakespeare amekufa zamani hivyo hatuhitaji ruhusa ya mtu. Ni kweli?

Mwalimu, mwenzako kapatia nusu. Shakespeare alifariki 1616, maneno yake ya Kiingereza ni ya kila mtu. Ila nyie hamchezi Kiingereza, mnacheza Kiswahili, na Kiswahili kile ni jasho la Mwalimu Nyerere, aliyetoa tafsiri yake ya kwanza 1963 kisha akaitoa tena 1969 baada ya kuirekebisha. Tafsiri ni kazi yenye mwenyewe. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inailinda kazi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, na Nyerere alifariki 1999 huohuo, hesabu mwenyewe utaona mpaka mwaka 2049. Kwa hiyo andikeni barua kwa mchapishaji, mkikwama ulizeni COSOTA, ile ofisi ya serikali ya hakimiliki, na waambieni wazi ni wanafunzi na kiingilio ni cha maiki. Barua ya heshima ya shule watu huwa wanaijibu.

Na kibali pia msisahau, mchezo wa jukwaani wa kuonyesha hadharani unahitaji kibali kwa mujibu wa ile Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976. Anzia kwa afisa utamaduni wa wilaya na uende mapema, usiende Ijumaa wakati mchezo ni Jumamosi.

La mwisho mwalimu, kama wanafunzi wako wakipenda, wape na nafasi ya kutunga wao. Watoto wa Bagamoyo wanajua habari za kusalitiwa na rafiki bila kwenda Roma, waulize tu nani aliwahi kukopeshwa akahama mtaa.

Mwanangu, mimi mzee wa miaka 64, niko Dunda. Nimevua tangu kijana mpaka mgongo ulipokataa. Mjukuu wangu ndiye anayeniandikia hii. Nimesikia mna mchezo wa mvuvi. Sijui kusoma vizuri maandishi madogo na sijawahi kuigiza. Je mnachukua wazee?

Shikamoo mzee wangu. Meseji yako nimeisoma kwa wenzangu wote mazoezini, na nikakaa nayo.

Tunachukua. Kwenye mchezo kuna baba yake mvuvi, ana maneno machache sana, na mpaka jana hiyo nafasi ilikuwa ya kijana wa miaka 26 tunayempaka unga kichwani, na kila akikaa chini tunaona magoti ya miaka 26. Kusoma kusikusumbue, mjukuu wako atakusomea na wewe utashika kwa masikio, wengi wetu ndivyo tulivyoshika ngano za bibi zetu na hatukuwa na karatasi. Mgongo tutauwekea kiti, mzee wa kwenye mchezo anakaa kibarazani muda wote.

Ila nina ombi moja. Kuna sehemu yule mzee anashona wavu uliochanika wakati mwanawe anamdanganya, na hakuna hata mmoja wetu anayejua kushona wavu, vijana wanapitisha uzi kama wanashona kifungo cha shati na wavuvi watakaokuja kuangalia wataona hapohapo. Njoo Jumamosi saa kumi, mjukuu akulete, na kama ile sindano yako ya nyavu bado ipo njoo nayo.