Karismatiki inanichosha, na kila njia ya sala naitamani. Nifuate ipi?

Tumsifu Yesu Kristo.

Swali la leo ni la mama mmoja wa Mbeya, anauza mitumba Mwanjelwa, mumewe ni dereva wa malori ya Tunduma. Ameandika hivi: "Padri shikamoo. Niko kwenye kikundi cha karismatiki, zile sala za kusifu kwa sauti na kumwomba Roho, wenzangu nawapenda ila kelele zinanichosha mpaka kichwa kinauma, na sijawahi kunena kwa lugha, mmoja kaniambia labda nimemzuia Roho. Nyumbani naamka saa tisa usiku kwa novena, sala ya siku tisa, ya grupu la WhatsApp, mchana Huruma ya Mungu, jioni rozari, halafu nimeanza kusoma habari za mashirika ya watawa, Wafransisko, Wakarmeli, Wajesuiti, na njia zao za sala, najikuta nazitaka zote. Watoto wanasema mama siku hizi umekuwa mkali. Nifuate ipi?"

Marahaba mama. Hiyo ya watoto umeitupia pale mwishoni kama haina uzito, mimi ndiyo niliyoishika, subiri kidogo.

Habari ya lugha tuimalize haraka maana inawatesa wengi bure. Paulo mwenyewe anauliza, "Je, wote wanena kwa lugha?" (1 Wakorinto 12:30) na ukisoma pale unaona jibu ni hapana. Karismatiki ndani ya Kanisa Katoliki ilianza 1967 kule Marekani, wanafunzi wa chuo wakiwa kwenye mafungo, na 1975 Papa Paulo VI akawapokea vizuri tu Roma. Mimi siibezi, kuna watu wameacha pombe na kwa waganga kwa sababu ya sala zile, sasa nani abeze? Ila Roho Mtakatifu alikuwa anafanya kazi kanisani karne na karne kabla ya spika na kinanda, kwa hiyo mtu asikutishe.

Halafu uko sehemu nzuri kwa swali lako, maana huku Nyanda za Juu hizi njia huhitaji kuzisoma kwenye simu tu, zipo zimejenga. Wabenediktini, wamonaki wa sala na kazi, walifika Peramiho 1898, na Njombe wako Uwemba, na masista wao Imiliwaha. Siku moja panda gari uende ukakae nao kwenye Masifu ya Jioni. Kengele inalia, mtu anaacha jembe au karatasi za ofisini anakuja, wanakaa pande mbili, upande huu unasoma mstari wa zaburi upande ule unajibu, na katikati ya mstari wanatulia kidogo, pumzi moja hivi, ndipo wanaendelea. Hakuna anayelia wala kupaza sauti. Kuna mtu akikaa pale dakika kumi anaona amefika nyumbani, mwingine anasinzia kabisa na baridi ile ya Njombe, na wote wawili ni Wakatoliki wazuri tu. Iringa nako Tosamaganga ilianza na hao hao Wabenediktini, ila hao walikuwa Wajerumani, na baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia wakaondolewa, wakaja Wakonsolata, wamisionari kutoka Italia, 1919. Mwanzilishi wa Wakonsolata, Giuseppe Allamano, katangazwa mtakatifu Oktoba 2024, na yeye alikuwa anawasisitizia watu wake wema ufanywe vizuri na ufanywe bila kelele. Nadhani wewe ungemwelewa.

Sasa utajuaje ipi ni yako. Hapa namwamini Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, kuliko hao wa mitandaoni wanaokupa maswali kumi eti ujue wewe ni Mfransisko au Mdominiko. Inyasi alikuwa askari, 1521 akavunjwa mguu na mzinga Pamplona, akalazwa nyumbani kwao hana la kufanya, vitabu vilivyokuwepo ni maisha ya Kristo na ya watakatifu. Akawa anawaza vita na sifa na mwanamke fulani wa ukoo mkubwa, raha tele, halafu mawazo hayo yakiisha anabaki mkavu, hana hamu na kitu. Akiwaza kuishi kama watakatifu raha ilikuwepo vilevile, lakini hii ilibaki, hata baada ya kuacha kuwaza bado moyo umetulia. Wakati anawaza zote zilikuwa tamu, tofauti aliiona baadaye. Kwa hiyo mama usipime sala kwa ulivyojisikia ukiwa ndani yake, kwa maana hapo hata wimbo mzuri unaweza kukudanganya. Pima ilivyokuacha saa mbili tatu baadaye, ukiwa unabishana bei na mteja, mtoto kamwaga uji, mume kapiga simu kakwama mpakani.

Ndiyo maana nimewashika watoto wako. Hiyo ya saa tisa usiku inakuacha mkali. Inawezekana sala yenyewe haina kosa, ni usingizi tu, lakini wewe una familia na biashara, hukuapa kuishi kama mmonaki. Mtakatifu Fransisko wa Sales, askofu, alishaandika 1609 kwamba ibada lazima iendane na hali ya mtu, fundi akishinda kanisani kutwa kama mtawa inakuwa kichekesho. Iache hiyo novena ya usiku. Wakikutoa kwenye grupu, bando litabaki.

Na usidhani watakatifu kila sala ilikuwa inawapanda. Teresia wa Mtoto Yesu, sista Mkarmeli, ambaye masista Wateresina wa Iringa wana jina lake, alikiri kwamba akiwa peke yake rozari ilikuwa inamshinda, mawazo hayatulii, na sala ndefu za vitabuni zilimuumiza kichwa, na alikuwa anasinzia kwenye tafakari. Kafa na miaka 24 mwaka 1897, mwaka 1997 katangazwa Mwalimu wa Kanisa, yaani mtakatifu ambaye mafundisho yake Kanisa zima linayategemea. Njia yake ilikuwa vitu vidogo, kumvumilia sista anayemkera, kumtolea tabasamu. Rozari hakuiacha lakini.

Mimi kwa nilivyokusoma ningekuanzishia hapa. Asubuhi zaburi moja, polepole, hata kama uji uko jikoni. Jioni ukishafunga kibanda, kabla hujapanda daladala, kaa juu ya belo lako dakika kumi, mshukuru Mungu kwa kitu kimoja cha leo chenye jina, mwombe mwanga, halafu ipitie siku toka ulipofungua: yule dada uliyemuuzia blauzi ukijua zipu imekufa, yule mzee uliyempunguzia bila kuomba. Omba radhi panapostahili, mwombe akusaidie kesho, basi panda gari. Ndiyo sala ya Wajesuiti hiyo, Inyasi hakutaka waiache hata siku za kazi nyingi. Fanya miezi mitatu bila kuongeza kitu, maana ukihamisha chungu kila jiko unaloliona linawaka, maharage hayataiva.

Misa ya Jumapili na jumuiya usiguse, hizo hazimo kwenye kuchagua. Karismatiki nenda mara moja moja ukipenda, usigombane nao. Na ukikutana kwenye simu na Utawa wa Tatu wa Wafransisko, ule wa walei wanaobaki nyumbani kwao, una malezi yake na ahadi ya maisha, kwa hiyo usikimbilie kujiandikisha, na kabla ya fomu yoyote mumeo ajue.

Ile miezi mitatu ikiisha nenda kwa paroko wako siku ambayo hana foleni ya maungamo, mwambie tu ilivyokuacha, na kama sala hiyo nayo imekukatalia kabisa mwambie hivyo hivyo, atakupa nyingine.