Ndoto ya maisha ya taratibu: pumzika kwanza, ndipo uamue

Mkuu, umeuliza kama uache kazi uhamie mahali patulivu, ulime bustani na kuishi kwa vibarua vichache, au kama hizi ni ndoto za alinacha tu ambazo kila mfanyakazi huziota kikao kikiwa kirefu. Umeongeza kwamba mkeo hana uhakika, na kwamba mkataba wa nyumba mnayopanga unaisha miezi sita ijayo. Wapo watakaokuambia maisha ni mafupi, ondoka. Wapo watakaokuambia ushukuru una kazi. Wote hao wanaijibu ndoto bila kuichungulia ndani.

Nilikuwa nasimamia ratiba za magari ya mizigo. Simu yangu ililala kitandani, kati ya mto na ukuta, maana dereva akikwama saa nane za usiku mimi ndiye niliyepigiwa. Ilifika mahali nikawa naisikia ikitetema hata ikiwa imezimwa. Ndoto yangu ilikuwa nyumba ndogo mbali na barabara, kibaraza, kiti cha kukunja, na ukimya. Leo nafanya kazi siku tatu kwa wiki, natunza hesabu za biashara ndogo ndogo, na bado naishi mji uleule. Kwa hiyo sehemu ya ndoto niliifuata, sehemu nikaiacha, na kilichonisaidia kuzitenganisha ndicho ninachotaka kukueleza.

Niliiandika kama ilivyokuwa ikinijia, bila kuipamba. Nilipoisoma nikashangaa: ndani yake ni asubuhi siku zote. Hakuna saa tisa alasiri, hakuna bomba linalovuja, hakuna mtu mwenye homa. Simu haipo. Na mume wangu hayumo kabisa! Nilipomsomea alivua miwani akaniuliza, "Sasa mimi hapo nimekufa au nimesafiri?" Tulicheka, kisha tukaongea kwa muda mrefu kuliko tulivyokuwa tumeongea kwa miezi. Yeye hakuwa na hamu ya kuhama. Rafiki zake na kwaya yake viko hapa. Mwisho akasema, "Wewe unataka kulala. Kulala hakuhitaji kuhama nyumba."

Sikuipenda kauli hiyo siku ile. Lakini ukiitazama ndoto yako kwa makini, mkuu, hesabu mangapi ndani yake ni vitu ambavyo VIPO na mangapi ni vitu ambavyo HAVIPO. Yangu karibu yote ilikuwa ya kutokuwepo: hakuna bosi, hakuna foleni, hakuna simu. Ndoto ya namna hiyo inakueleza vizuri sana unachokikimbia. Kuhusu unakokwenda, haijui chochote.

Kuna utafiti wa mwaka 1998 wa David Schkade na Daniel Kahneman ambao niliurudia mara nyingi wakati ule. Waliwauliza wanafunzi wa California na wa majimbo ya kati ya Marekani wanaridhika kiasi gani na maisha yao, kisha wakawauliza wanadhani mtu kama wao anayeishi upande wa pili anaridhika kiasi gani. Pande zote mbili zilidhani watu wa California wana raha zaidi. Majibu ya watu kuhusu maisha yao wenyewe hayakuonyesha tofauti. Ukilinganisha sehemu mbili, akili inang'ang'ania kile kinachotofautiana, kwa mfano hali ya hewa, na kusahau kwamba sehemu kubwa ya siku ya mtu inajaa mambo yaleyale: usingizi, watoto, mwili unaouma, mtu unayeishi naye. Hayo yote utayafunga kwenye mizigo uhame nayo.

Sasa, kipimo kilichonifaa kuliko vyote: niliomba likizo bila malipo, ndefu kuliko nilivyozoea, na simu ya kazi nikamkabidhi mwenzangu. Sikusafiri. Mwanzoni nililala tu, na nilikuwa na hasira zisizo na sababu. Baadaye kikatokea nisichokitegemea: kile kibaraza kiliacha kunijia. Sikukifukuza, kiliondoka chenyewe. Ila kitu kimoja kilibaki, tena kikazidi nguvu: hamu ya kushika kazi moja mpaka iishe bila mtu kunikatiza, na kuwa na siku za katikati ya wiki ambazo ni zangu. Hicho ndicho nilichokifuata. Mapumziko yakiifuta ndoto, ilikuwa uchovu. Kinachobaki baada ya kushiba usingizi ndicho cha kupigia hesabu.

Tahadhari hapa. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa makadirio mwaka 2021 kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kunaambatana na hatari ya kiharusi iliyo juu kwa takriban asilimia 35, ukilinganisha na saa 35 hadi 40. Kama uko kwenye kundi hilo, kupunguza saa si suala la ndoto hata kidogo, zipunguze hata kama huhami popote. Na kama hata likizoni hulali, hufurahii chochote, na huoni mbele, nenda kwa daktari kabla ya kwenda kwa dalali.

Jambo jingine ambalo watu hawalisemi ni kwamba kuota kwenyewe kunaweza kuwa ndiko kunakokukwamisha. Heather Kappes na Gabriele Oettingen walichapisha majaribio mwaka 2011 yakionyesha kwamba watu wakiwazia kheri kana kwamba wameshaipata, nguvu yao ya kuitafuta inashuka. Mwili unatulia kama mtu aliyeshafika. Oettingen anapendekeza ukishaiona hiyo picha nzuri, uweke kizuizi chako kikuu palepale kando yake. Changu kilikuwa kipato kushuka karibu nusu. Miaka yote niliyokuwa naota sikuwahi kulisema hilo kwa sauti.

Kwa hiyo tulianza kuishi kwa kipato cha baadaye kabla hakijafika. Tulitumia kile nilichotarajia kupata, kilichozidi kikaenda akiba, na mwezi mbaya tuliuacha uwe mbaya bila kuchota. Huko ndiko nilikojifunza naweza kuacha nini bila kinyongo na nini siwezi. (Ukisikia watu wakitaja kanuni ya asilimia 4, yaani kuchota asilimia 4 ya akiba yako mwaka wa kwanza wa kustaafu, kisha kiasi hicho kikipandishwa kila mwaka kufuata bei za vitu, ujue mshauri wa fedha William Bengen aliipata mwaka 1994 kutokana na historia ya masoko ya Marekani, kwa kustaafu kwa miaka 30. Kama una miaka arobaini na akiba yako haiko kwenye masoko hayo, usiitegemee.)

Nisikuogopeshe kupita kiasi, maana woga nao una hasara yake. Mchumi Steven Levitt aliwahi kuwaalika watu walioshindwa kuamua, warushe sarafu ya mtandaoni iwaamulie: niache kazi au nibaki, na maswali kama hayo. Zaidi ya sarafu 20,000 zilirushwa. Matokeo aliyoyachapisha baadaye ni kwamba, kwenye maamuzi makubwa, walioambiwa na sarafu wabadilike walikuwa na furaha zaidi miezi sita baadaye kuliko walioambiwa wabaki. Kumbuka tu hao walikuwa watu ambao mizani yao ilishasimama katikati. Nalichukulia hivi: kama umeshapumzika, umeshahesabu, mwenzako ameshasema lake, na bado umegawanyika nusu kwa nusu, basi nenda.

Tukirudi kwako. Bosi usimwambie kitu kwa sasa. Mpe mkeo karatasi aandike siku ya kawaida anayoitaka yeye, Jumanne mchana na si Jumapili asubuhi, naye asione yako mpaka amalize. Anzeni bajeti mpya mwezi huu, maana miezi sita inatosha kuijaribu mara kadhaa kabla ya mkataba kuisha. Likizo ichukue mapema, usiiweke mwishoni ukiwa tayari umeshafunga mizigo kichwani. Na bustani hiyo unayoisema, ianze hapo ulipo hata kwa makopo machache, uone kama unapenda kumwagilia siku ambayo hujisikii, kwa sababu mimea haina likizo.

Ukifika mwisho wa hayo yote na bado unaitaka bustani yenyewe, siyo kutokuwepo kwa simu, basi kapange nyumba huko kabla hujanunua chochote. Nenda msimu ule ambao wenyeji wenyewe huulalamikia, na muende wote wawili.